Mtunza Chumba cha Mabati Anakabidhi Ufunguo

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtunza chumba cha mabati wa Maabara ya Mawimbi atatundika koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina moja tu, Mzee Kinyume, na wapo walioajiriwa karibuni wanaodhani ndivyo alivyoandikwa kwenye kitambulisho. Sivyo. Ila jina lake halisi hutumika kwa nadra sana, hata siku alipoitwa kwa jina hilo kwenye kipaza sauti cha mapokezi, yeye mwenyewe alitutazama mmoja mmoja kuona nani ataitika.

Mhariri wa jarida hili aliniomba kurasa mbili, zenye tarehe sahihi na vichekesho vya kiasi. Tarehe nilizitafuta kwenye madaftari ya chumba, kumi na tisa kwa jumla, yaliyokuwa juu ya kabati yamefungwa kamba na kusahauliwa. Nilichokikuta humo kimenilazimu kuomba ukurasa wa tatu, na mhariri amekubali shingo upande. Nitakifikia. Kwanza tumtendee haki mstaafu wetu kwa utaratibu.

Alikuja hapa akiwa fundi bati, kwa kibarua cha wiki mbili. Maabara ilihitaji chumba kilichozungushiwa bati pande zote sita, sakafu na dari zikiwemo, ili wimbi likishaingia lisipate pa kutokea. Alikimaliza kwa siku tisa. Siku ya kumi akauliza kwa nini watu wazima wajengewe chumba kizuri namna ile halafu wakijaze vyuma chakavu, maana watafiti walikuwa wameshaanza kuingiza rimu za baiskeli, sufuria zilizotoboka, mapanga ya feni na kabati la mafaili lisilo na droo. Mtafiti mmoja alimweleza. Hakuelewa. Akarudi kesho yake kuuliza tena, na keshokutwa, na siku iliyofuata, mpaka mkuu wa maabara wa wakati ule akaona ni nafuu amwajiri.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, wanaopita mlangoni kwetu wakidhani tunauza vyuma kwa kilo, kazi yenyewe ni hii. Dondosha kokoto katikati ya beseni la maji. Viwimbi vitatoka pale, vitagonga ukingo, vitarudi vimevurugana. Sasa chukulia kwamba ukingoni kuna wasikilizaji wanane, na kila mmoja anaandika kilichomfikia na wakati kilipofika. Kisha wote wanarudisha majini walichokiandika, lakini kuanzia mwisho: kilichofika mwisho kinatangulia, kilichofika kwanza kinafuata nyuma kabisa. Viwimbi vitapita njia zilezile vilizojia, kona kwa kona, na vyote vitakutana kwa wakati mmoja mahali kokoto lilipoangukia.

Sisi badala ya maji tunatumia mawimbi ya sumakuumeme, jamaa wa karibu wa yale yanayobeba simu zenu, na badala ya wasikilizaji tuna antena nane ukutani. Mahali pa kokoto tunaweka taa ndogo isiyo na waya wala betri. Wimbi likirudi sawasawa, taa inawaka. Vyuma chakavu vinatusaidia, kwa sababu wimbi linalogonga vitu vingi lina njia nyingi za kurudia, na hivyo hukusanyika mahali padogo zaidi. Sharti ni moja tu: kati ya kurekodi na kurudisha, kitu chochote chumbani kisisogee. Sufuria ikihama hata upana wa kiganja, njia zimebadilika, na taa haiwaki.

Fundi bati wetu aliyaelewa haya siku alipoyageuza kuwa mchezo wa utotoni. Sote tumewahi kusema kinyume, ile lugha ya watoto ya kuwaficha wakubwa, ambapo kitabu huitwa bukita. Alirudi kutoka chakula cha mchana akiwa na furaha, akamwambia mtafiti kwamba sasa ameelewa, wimbi linasema kinyume. Ila alisisitiza kwamba kinyume cha watoto ni nusu kinyume, kwa kuwa kinahamisha silabi ya mwisho peke yake. Cha chumba chetu kinageuza zote. Kwake kitabu ni butaki. Tangu siku hiyo aliwafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwake, watafiti wanne na mafundi kumi na mmoja, na sijaona kitabu chochote chenye maelezo yanayoshika haraka kuliko hayo. Ukiingia asubuhi anakwambia burika. Ukisahau mlango anakwambia ngafu, bila kuinua macho.

Ndiye pia aliyegundua kwamba maneno mengine hayageuki. Baba ukimgeuza ni baba. Mama ni mama. Vivyo hivyo bibi, dada na kaka. Alikuwa akilisema hilo kwa uzito kidogo, kwamba ndugu ni ndugu, uwasome kuanzia mbele au nyuma. Shemeji, aliongeza, anageuka vibaya sana. Tulimwuliza kama mkewe anayajua maneno haya, akasema mkewe ndiye aliyeyasema kwanza.

Mlango wa chumba una maandishi mawili ya mkono wake. Nje pameandikwa USIGUSE. Ndani, kwa walioshaingia na kugusa, pameandikwa SEGUSIU. Wageni wengi wameshapigwa picha hapo wakidhani ni jina la mgunduzi.

Kuhusu kugusa, alikuwa mkali kwa upole. Mama wa usafi alipewa ramani iliyochorwa kwa penseli, ikionyesha mahali fagio linaporuhusiwa. Mhandisi kijana aliyekuja kutoka chuo aliona chumba kimejaa takataka, akavitoa vitu vyote siku moja na kukipiga deki, kisha akasimama mlangoni akisubiri pongezi. Mzee Kinyume alimshukuru kwa bidii yake. Halafu akachukua chaki na kuanza kurudisha vitu mia mbili na kumi na vinne mahali pake, kimoja kimoja, kwa kichwa. Mhandisi alimsaidia siku nzima bila kuambiwa. Yeye ndiye mkuu wa maabara yetu leo, na hajawahi tena kutoa kitu chochote mahali popote, kama wote wanaosubiri saini yake wanavyojua.

Mzee ndiye aliyebuni kigari cha taa, kile kibao chenye magurudumu kinachovutwa kwa kamba kupitia tundu la ukutani, ili taa izungushwe chumbani bila mtu kuingia. Ndiye aliyetutoa kwenye taa moja hadi ubao wa taa kumi na sita, ambapo unachagua uitakayo na inawaka hiyo peke yake. Kutokana na ubao huo leo tunaweza kupeleka umeme kidogo kwenye vipimo vilivyozikwa ndani ya kuta na mashine, mahali ambapo waya haufiki. Usione vyaelea, vimeundwa. Nyumbani, kwa mujibu wa mkewe, mtu huyuhuyu hutafuta miwani yake kila asubuhi, naye anakuwa ameivaa kichwani. Mganga hajigangi.

Sasa niwaeleze kuhusu Pachu.

Walio kitengo chetu wanajua kwamba mimi, pamoja na kazi ya ufundi, nimeshika orodha ya vifaa kwa miaka saba. Katika orodha hiyo, mstari wa mia na nane, kuna kifaa kiitwacho Pachu, idadi moja. Nilikirithi kutoka kwa karani wa vifaa aliyenitangulia, naye alisema alikiona kimetajwa kwenye daftari la chumba, akakiingiza, maana orodha yake ilitakiwa ilingane na madaftari. Hakuwahi kukishika. Kila mwisho wa mwaka nimekitafuta kwenye kabati, chini ya meza, hadi kwenye dari ya korido, na kila mwaka nimeandika: haionekani. Mwaka mmoja nilimwandikia muuza vifaa kuuliza kama anazo pachu. Akajibu kwamba zimekwisha, ila anategemea kupokea nyingine mwezi ujao.

Nilimwuliza Mzee Kinyume si chini ya mara tano. Kila mara aliiweka kofia yake sawa, akasema ni kitu kidogo, hakina madhara, kitajitokeza chenyewe.

Wiki tatu zilizopita nikalifungua daftari la kumi na moja. Nilikuwa natafuta tarehe ya onyesho lililoharibika, ambalo wazee wa hapa wanalikumbuka na wageni wamelisikia. Ni miaka kumi na sita sasa. Wageni walikuja kuona ubao wa taa kumi na sita, na kwa kuona kwao ndiyo tungeruhusiwa kuendelea na hatua ya pili. Rekodi zote zilichukuliwa siku moja kabla. Asubuhi ya onyesho mgeni mmoja alichagua taa namba saba. Namba saba ikakaa kimya. Namba nne na namba kumi na moja zikawaka kidogo, kama zinasinzia, zikazima. Wageni waliandika walichoandika, wakashukuru kwa chai, wakaondoka. Ruhusa ilicheleweshwa mwaka mzima.

Kwenye kikao cha siku iliyofuata mkuu wa wakati ule aliuliza nani aliingia chumbani baada ya kurekodi. Nilikuwepo. Nilikuwa na miezi mitano kazini, katika muda wa majaribio, mwanamke peke yangu kitengoni, na barua ya kuthibitishwa ilikuwa inasubiri mwezi mmoja tu. Nilijua kwamba niliingia saa moja asubuhi kutoa kitambaa kilichofunika ubao wa taa, kwa sababu Mzee Kinyume mwenyewe alinituma, na nilijua sikugusa kitu. Kabla sijafungua mdomo Mzee Kinyume alisema ufunguo wa chumba ni wake, kwa hiyo kilichomo ni chake, na kosa ni lake. Mkuu akamwuliza kosa gani hasa. Akajibu kwamba alisahau kitu ndani. Hakuulizwa zaidi.

Alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Nafasi ya mkuu wa kitengo, ambayo kila mtu alijua ni yake, ilikwenda kwa mtu wa idara nyingine. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Kwa miaka kumi na sita nimeamini kwamba mtu makini kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alikuwa na siku moja mbaya, na niungame kwamba nilimpenda zaidi kwa ajili ya siku hiyo. Ilinifariji kuona kwamba hata yeye husahau.

Daftari linasema vingine. Mchana ule wageni walipoondoka, sisi wengine tukiwa tumeinamisha vichwa kwenye chumba cha chai, yeye alibaki. Alirekodi upya. Akaichukua rekodi ya jana na ya leo, akaitoa moja katika nyingine. Yaliyo sawa yakafutana, yakabaki mawimbi yaliyogonga kitu ambacho jana hakikuwepo, hayo tu. Akayageuza, akayarudisha chumbani, akaanza kuvuta kigari cha taa hatua kwa hatua. Ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: Saa kumi na robo. Mstari wa tatu, hatua ya tisa, nyuma ya kabati la mafaili. Taa imewaka. Chini yake kuna maneno manne peke yake:

Pachu ya dada. Wembiasia.

Wenye macho mmeshasoma. Mimi, ninayesema kinyume kila siku, niliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu kabla ya kuyaona, na Pachu nilikuwa nimeitafuta miaka saba. Penye miti hapana wajenzi. Neno dada halikuwa limegeuka, kwa sababu halina namna ya kugeuka, na ndilo lililonionyesha njia ya kuyasoma mengine.

Chupa ya dada. Asiambiwe.

Ilikuwa chupa yangu ya chai, ya chuma, yenye kifuniko cha bluu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, niliingia nayo mkononi, nikaiweka sakafuni nyuma ya kabati ili mikono miwili iwe huru kukunja kitambaa, nikatoka na kitambaa. Nakumbuka vizuri kwamba niliitafuta jioni nisiione, na kesho yake, kabla ya kikao, nikaikuta mezani kwangu imeoshwa na kukaushwa. Nilimshukuru mama wa chai. Mama wa chai naye akazipokea shukrani.

Nilikaa na daftari lile siku tatu bila kumwambia mtu. Sitapamba maneno: niliona aibu, na niliogopa. Nina wanaonitegemea, na nina jina zuri hapa ambalo, kumbe, lilishikiliwa na mkono wa mwingine. Ningeweza kulirudisha juu ya kabati, nikaandika kurasa mbili zenye tarehe sahihi, na hakuna ambaye angejua. Lakini barua ile ya onyo bado ilikuwa kwenye faili lake. Kwa sababu yake cheti chake cha utumishi kilikuwa kimeandaliwa kikisema alitumikia vizuri isipokuwa tukio moja la uzembe, na faili la mtumishi likishafungwa siku yake ya mwisho halifunguliwi tena. Mtu ambaye hakusahau kitu chochote kwa miaka thelathini na miwili angekwenda nyumbani na karatasi inayosema alisahau.

Siku ya nne nililibeba daftari hadi ofisi ya watumishi. Ofisa alinisikiliza, akasoma, akaniomba nimfundishe kinyume kidogo ili ajiridhishe, kisha akaniuliza kama naelewa kwamba maelezo haya nayaandika dhidi yangu mwenyewe. Nilisema naelewa. Mkuu wa maabara, yule aliyewahi kupiga deki, alitia saini siku hiyohiyo, jambo ambalo ofisini kwake halijapata kutokea. Barua ya onyo imefutwa. Cheti kimeandikwa upya bila isipokuwa. Jumatano nikapokea barua ya onyo yangu mwenyewe, imechelewa miaka kumi na sita, nikaitia saini na kuiweka kwenye faili langu. Nalala vizuri.

Yote haya Mzee Kinyume hayajui. Niliwaomba wote waliohusika wanyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu jengo hili lijengwe, wamenyamaza. Atayasoma hapa, pamoja nanyi, asubuhi ya Ijumaa, pengine baada ya kuipata miwani. Najua atasema haikuwa na haja. Najua pia atauliza nani aliyepanda juu ya kabati na kama madaftari yamerudishwa kwa mpangilio. Yamerudishwa, mzee, la kwanza chini na la kumi na tisa juu, kama yalivyokuwa.

Ufunguo wa chumba anaukabidhi kwangu. Mkuu aliniuliza, kwa haki kabisa, kama mtu aliyewahi kuacha chupa humo ndiye wa kupewa ufunguo. Nilimjibu kwamba sidhani kuna mwingine atakayeangalia nyuma ya kabati mara nyingi kuliko mimi.

Kwa niaba ya maabara yote, tunakushukuru kwa chumba ambacho hakikuhama, kwa mafundi kumi na mmoja uliowafundisha kusubiri, na kwa kila taa iliyowaka mahali pake. Tunakuombea afya, siku zisizo na haraka, na nyumba ambamo mkeo anahamisha viti apendavyo bila kuonyeshwa ramani. Kwa kanuni ya chumba chetu, kilichofika kwanza hutoka mwisho. Wema wako ulinifikia kabla ya mengine yote niliyoyapata hapa, ndiyo maana shukrani zake zinatoka leo.

Na kwa kuwa orodha ya vifaa hufungwa kabla mtumishi hajaondoka, mstari wa mia na nane sasa unasomeka hivi: Pachu, moja, imepatikana. Kifuniko kimepauka na ubavuni imebonyea, lakini bado inatunza joto. Ijumaa saa nne itakuwa mezani kwangu, nje ya chumba, na vikombe viwili. Burika, kaka.